Mama Mkubwa, Wamekuja Kuniposa

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kaa vizuri, na kama huko uliko kuna chai jimiminie kabisa, maana habari ni ndefu na sitaki uipate kwa mtu mwingine. Najua Baba Chande anakusimuliaga mambo kila asubuhi akifuta vumbi picha yako pale ofisini. Ni mlinzi mzuri, hilo sibishi, lakini habari ikishapita mdomoni mwake inatoka imeota mbawa. Tayari ameshawaambia watu wa Mtoni kwamba Jumamosi kituoni yaliingia magari sita. Yaliingia mawili, na moja lilikuwa bajaji.

Jumamosi, Mama Mkubwa, wamekuja kuniposa. Mie Somoe. Cheka tu, una haki yako, maana nikiwa kidato cha pili nilikuapia mbele ya jiko kwamba wanaume wote ni kelele tupu na kwamba nitaishi peke yangu na kuku. Ulinijibu, "Sawa, ila kuku nao wana jogoo," ukaendelea kuchambua mchele.

Barua hii nitaisoma kituoni mbele ya watoto wapya, wale ambao hawakukukuta. Kwa hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo, wajue namwandikia nani.

Nilifika pale kituo cha watoto nina miaka saba. Mkono mmoja nimeshikwa na afisa wa ustawi wa jamii, mwingine nimeng'ang'ania mfuko wa rambo wenye kanga ya mama. Mama alikuwa mtu wa Lindi, anauza mboga Buguruni, na alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Jirani yetu wa chumba cha pili alinitunza alivyoweza, naye alikuwa na watoto wake watano, akashindwa. Wewe ulikuwa unakaa kwenye kile kiti chako cha mbao chenye mkono mmoja, ule mwingine ulishavunjika zamani. Dada wa jikoni akaniambia, "Haya mtoto, msalimie mama yako mpya." Ukamkatiza hapo hapo.

"Mama yake si mie. Mama yake anaye, hata kama hayupo. Mie ni dada yake mama yake. Mkubwa." Halafu ukanigeukia. "Utaniita Mama Mkubwa. Haya niambie, mdogo wangu alikuwa anakupikia nini?"

Nilikukazia macho. Nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga. Wewe mnene, msalaba shingoni, Kiswahili cha Tukuyu kinachopanda na kushuka. Mama yangu mwembamba, Mmwera, hijabu yake haitoki kichwani. Udada gani huo jamani? Lakini swali lako la chakula lilinishinda nguvu, kwa sababu tangu mama afe hakuna aliyeniuliza habari zake. Waliniuliza jina la baba, shule, cheti cha kuzaliwa. Nikasema kwa sauti ndogo, "Ming'oko."

Ulikuwa hujui ming'oko ni mdudu au ni dawa. Siku mbili nzima ulizunguka sokoni Temeke ukiuliza, mpaka mama mmoja wa Mtwara akakuonyesha vile vimizizi vyetu vya kusini. Ukaja navyo mbio mbio. Badala ya kuvichemsha na maganda yake kama binadamu wengine, ukavimenya vibichi, ukavitwanga, ukavitia maziwa na karanga kama unavyofanyia ndizi za kwenu. Kikatoka kitu kizito rangi ya simenti. Nilionja kijiko kimoja nikasema, "Mama hakupikaga hivi." Watoto wote wakakuangalia wakidhani utakasirika. Ukaweka mwiko chini ukasema, "Basi nifundishe wewe, mdogo wangu hakuniachia maelekezo." Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka tangu msiba, na kesho yake nilikusimamia jikoni nikikutolea amri kama mwenye hoteli.

Baadaye ndiyo nikajua hukunifanyia mie tu. Ilikuwa ndiyo kazi yako. Kila mtoto aliyeingia pale geti la bluu, awe ameokotwa stendi, awe amekimbia kipigo, awe wazazi wamelala hospitali, mama yake alikuwa mdogo wako. Ulikuwa na wadogo zako Sumbawanga, Kondoa, Rufiji, na mmoja mpaka Burundi. Hukuruhusu mtu amseme vibaya hata mmoja wao. Wafadhili wakija wakaanza kusema "wazazi waliowatelekeza hawa", unawajibu kwa adabu kabisa, "Unayemsema ni mdogo wangu, nitamwambia unamsalimia." Wanashusha kamera zao.

Unamkumbuka Jeni alivyonitukana? Tulikuwa darasa la tatu, tunagombania ndoo. Akasema mama yangu alinitupa jalalani. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi. Ukatuita wote mbele ya kiti chako ukauliza, "Somoe umeng'ata mtu. Jeni umemtukana mdogo wangu. Nani kosa lake kubwa?" Jeni akaangua kilio, akasema, "Mie, Mama Mkubwa." Mie nikafurahi, nikajua nimepona, kumbe wapi. Tuliosha masufuria wiki nzima, wote wawili, sufuria moja kwa mikono minne, na ilipofika Ijumaa tulikuwa marafiki.

Mama yake Jeni alikuwa anakunywa. Alikuwa anakuja kumtembelea mwanawe siku za Jumapili, anayumba, ananuka gongo, majirani wanachungulia ukutani. Mtu mwingine angemfungia geti. Wewe unatoka mwenyewe, "Karibu mdogo wangu, umekula?" Unampeleka bafuni, unamvalisha dera lako linalomwagika mabegani, unampa uji, halafu ndiyo unamwita Jeni aje amwone mama yake akiwa msafi. Jeni amekua hana aibu na mama yake hata chembe. Leo ni mwalimu wa chekechea hapo hapo Mtoni, na mama yake ameacha pombe, anamsaidia kuwafuta watoto makamasi.

Mambo ya fomu nayo sijayasahau. Kila fomu ya shule ina pale panapoandikwa "uhusiano na mtoto". Watu wa vituo vingine waliandika "mlezi" wakapita. Wewe uliandika "mama mkubwa". Mwalimu akauliza uthibitisho uko wapi, ukamwambia, "Muulize mtoto nampikia nini." Ukanitafutia cheti cha kuzaliwa miezi na miezi, mpaka tukampata mkunga aliyenipokea, na siku tulipokipata ulikinusa kwanza kabla hujakisoma. Na wewe mwimba kwaya, mtu wa Jumapili kanisani saa moja asubuhi, ndiye uliyenipeleka madrasa kila siku mchana, kwa sababu mdogo wako alikuwa Mwislamu. Ramadhani ulijifunza futari kwa mke wa imamu: magimbi, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga. Ming'oko ulishaiweza kitambo.

Halafu nikataka ufundi umeme. Watu wakasema msichana asome ushonaji. Ukawauliza, "Kwani umeme unajua nani msichana nani mvulana?" Kituo kikanipeleka chuo cha ufundi miaka miwili. Nilipomaliza ukanikabidhi sanduku la vifaa na godoro langu nililolalia, kama ulivyompa kila anayeondoka, ili asiende kuanza maisha kwa kuomba pa kulala. Ndiyo maana kituo chetu kina upungufu wa magodoro mpaka kesho. Shika hilo neno magodoro, Mama Mkubwa, tutalirudia.

Siku hiyo hiyo ya kuniaga ulinishika sikio. "Mjini huko mtu akikupenda kweli, mwambie alete wazee. Wataniuliza wewe ni nani, mie nitawajibu. Nitakaa kwenye kiti hiki hiki na nitawatoa jasho." Nikakuambia, "Mie na kuku zangu." Ukasema, "Hata huyo jogoo nitamtoa jasho."

Halafu mwaka juzi ukatutoka. Sitaki kulia kwenye barua ya posa, kwa hiyo nitakumbuka moja tu la msibani. Tulikuja Tukuyu kukuzika, basi zima, kanga na vitenge vimelowa mvua ya kwenu. Mzee mmoja wa ukoo wako akauliza hawa watoto wote ni wa nani. Baba Chande akajibu kwa heshima, "Ni watoto wa wadogo zake marehemu." Yule mzee akakunja uso. "Wadogo gani? Huyu ndiye kitinda mimba wetu. Hakuna aliyezaliwa nyuma yake." Kumbe! Miaka yote ile unatuambia wewe ni mkubwa, kumbe kwenu ndiye uliyekuwa unatumwa maji na kila mtu! Tulicheka pale pale makaburini, Mungu atusamehe, na wazee wa kwenu wakacheka na sisi.

Sasa nije kwa Idrisa.

Idrisa ni fundi majokofu pale Buguruni. Tulikutana kwenye bucha moja, yeye kaitwa kutengeneza friji, mie kaniita mwenye bucha huyo huyo kwa sababu soketi inatema cheche. Tukagombana nusu saa nzima kosa ni la friji au la waya. Lilikuwa la waya. Alikubali kushindwa mbele ya wateja, Mama Mkubwa, mwanaume, mchana kweupe, akasema, "Sista umenishinda, naomba namba yako." Mpole, ana kigugumizi kidogo akifurahi, na chapati anasukuma mwenyewe.

Alipotaka kuleta wazee nikamwambia ngoja. Mwezi wa kwanza ngoja, wa pili ngoja, wa tatu akaniuliza kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine. Nilikuwa naogopa. Kiti chako kilikuwa kitupu. Sista Neema anayeongoza kituo sasa anajitahidi sana, ila kanizidi miaka miwili tu, na ni mtu wa makaratasi. Baba Chande ni mlinzi. Nani angejibu nikiulizwa mie ni wa nani?

Na kweli swali lilikuwepo. Idrisa kalelewa na shangazi yake, Bi Mwanahawa, muuza vitenge, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Idrisa hajui kuficha kitu, akaniambia neno alilosema shangazi: "Binti simkatai. Ila siku mkigombana, atarudi kwa nani? Na mie nikiwa na neno naye, nikamwambie nani?" Nilikuwa nakula chipsi, nikaziacha. Kwa sababu hakusema kwa ubaya. Lilikuwa swali la haki na mie sikuwa na jibu.

Jeni ndiye aliyenisukuma. "Waje kituoni," akasema. "Ndiyo kwenu. Waje waone." Nikakubali.

Basi waje. Lakini Mama Mkubwa, kituo chetu tangu kianze hakijawahi kupokea posa. Wageni wanaokuja na magari pale ni wa aina moja tu: wafadhili. Na watu wetu wakiona wageni wenye nguo nzuri, mikono yao inajua cha kufanya bila kuuliza kichwa.

Mzee Kondo, kaka yake Bi Mwanahawa, ndiye msemaji wao. Alishuka kwenye gari na kanzu imenyooka, sinia la posa limefunikwa kitambaa chenye shanga. Baba Chande akampigia saluti. Watoto ishirini na tisa walikuwa wamepangwa mstari kwa urefu, wakaanza kuimba "karibuni wageni wetu" na makofi na viuno. Sista Neema akampa Mzee Kondo kitabu cha wageni asaini. Kitabu tumekitunza, nenda kakiangalie. Kwenye "Taasisi unayotoka" ameandika "Ukoo wa Kondo". Kwenye "Sababu ya kuja" ameandika "Kuposa".

Mie na Jeni tulikuwa tumejificha nyuma ya pazia la chumba cha kulia, kwa sababu anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Jeni kaziba mdomo kwa ushungi. Tunamsikia Sista Neema, sauti ile ile ya siku za wafadhili: "Hapa ni bweni la wasichana. Hili ni jiko letu. Na hiki ni choo kipya, tafadhali mnaweza kuingia kuona." Wazee wa watu, na kanzu zao, na sinia lao, wakaingia kuona choo! Hawakutaka kuonekana hawana adabu, wakidhani labda ndiyo mila ya huku. Kwenye kitabu pale pa "Maoni" Mzee Kondo ameandika, "Choo ni kizuri."

Wakakaa. Posa ikatolewa, maneno matamu yakasemwa, Mzee Kondo akauliza upande wetu una masharti gani. Sista Neema alikuwa ameniuliza mapema ninachotaka, akakichapa vizuri kabisa kwenye karatasi. Akafungua faili, akatoa karatasi, akampa. Mzee Kondo akavaa miwani akaanza kusoma kwa sauti ya hotuba:

"Magodoro kumi na manne. Ndoo za maji kumi. Mchele magunia matatu. Dawa ya mbu. Taulo za kike..."

Akasimama hapo. Mzee wa watu anatoka jasho kwenye kofia. Bi Mwanahawa akasema taratibu, na mwenyewe hajuagi taratibu, "Jamani, mke mmoja, magodoro kumi na manne?"

Sista Neema alitoa faili la mahitaji ya kituo! Lile lile analowapa wafadhili siku zote! Nilitaka ardhi ipasuke. Jeni alikuwa ameshaanguka chini, analia kwa kicheko. Sista Neema akaruka kuomba radhi, anaeleza huku karatasi zinamdondoka, Baba Chande anamsaidia kueleza na anazidi kuharibu, na yule mtoto wetu mdogo Shani, aliyekuja mwezi uliopita, akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo magodoro hayaji?" Hapo wageni nao wakashindwa. Walicheka mpaka miwani ya Mzee Kondo ikaanguka kwenye sinia.

Kicheko kilipoisha, Bi Mwanahawa akafuta macho, akakaa wima.

"Tumecheka, na choo tumekiona. Sasa mie niulize la maana, na msinichukulie vibaya. Mwanangu siku akimkosea mkewe, aende mlango gani kuomba msamaha? Na mkewe akimkosea mwanangu, nije nimwambie nani?"

Nyuma ya pazia nikamshika Jeni mkono. Ndilo swali lenyewe. Sista Neema akaanza kupekua faili lake. Kiti chako kilikuwa pale pale mwanzo wa mstari wa upande wetu, kitupu, tumekifuta na kukitandikia kitambaa. Baba Chande alikitazama, akavua kofia yake ya ulinzi.

"Baba yake hatukumjua," akasema. "Mama yake alifariki. Aliyekuwa anajibu hayo ni mwenye kiti hicho. Dada mkubwa wa mama yake."

Bi Mwanahawa akachangamka. "Ah! Kumbe ana mama mkubwa, mbona hamkusema? Naye wa Lindi?"

"Wa Tukuyu. Naye ametangulia."

"Mama Lindi, dada yake Tukuyu? Baba mmoja?"

"Hapana."

"Mama mmoja?"

"Hapana."

"Sasa walijuana wapi?"

"Hawakujuana, Bi Mkubwa. Hawajawahi kuonana hata siku moja."

Halafu Baba Chande akasimulia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza chumvi. Akasimulia swali lako la kwanza kwa kila mtoto. Akasimulia ming'oko ya rangi ya simenti. Akasimulia mama yake Jeni na dera. Akamalizia na msiba wa Tukuyu, kwamba mkubwa wetu sisi sote alikuwa kitinda mimba kwao. Bi Mwanahawa alisikiliza kichwa kimeinama. Mie huku nimeshika pazia, nalia na wanja wote niliopakwa na Jeni unashuka mpaka kidevuni.

Bi Mwanahawa akamgeukia kaka yake. "Kondo, shika pochi yangu."

Akainuka, na magoti yake yanamsumbua, akavuka ule uwazi wa katikati, akaja upande wetu. Akasimama mbele ya kiti chako. Miaka miwili hakuna aliyekikalia, Mama Mkubwa, hata paka. Akasema, "Mwenyewe unisamehe, nitakaa ukingoni." Akakaa.

"Mwanahawa," Mzee Kondo akasema, "wewe ni wa upande wetu!"

"Nilikuwa. Nimehama. Huyu mama kama aliweza kuwa mkubwa bila kuzaliwa mkubwa, mie nashindwaje kuwa mdogo wake? Kuanzia leo binti huyu mie ni mama yake mdogo. Akikosewa, mlango wangu. Akikosea, mlango wangu vilevile. Haya, wageni, mmekuja kwangu kufanya nini? Semeni vizuri, maana leo nitawatoa jasho."

Maneno yako, Mama Mkubwa! Neno kwa neno, na wala hakukujua! Jeni alipiga kigelegele nyuma ya pazia kabla hajaruhusiwa, watoto wakadakia, na hapo ikawa vurugu ya furaha.

Na kweli aliwatoa jasho. Kwanza akaniita nitoke, akaniangalia wanja uliomwagika, akasema, "Uzuri anao, huo mwingine ni masizi." Akaniuliza mahari yangu. Nikasema ninachotaka ni Msahafu na drili ya kutobolea ukuta. Akamwambia kaka yake, "Umesikia. Na drili iwe nzima, sio ya mtumba." Halafu akanyoosha mkono kwa Sista Neema. "Ile karatasi iko wapi?"

"Lakini walishasema wamekosea!" Mzee Kondo akalalamika.

"Wao walikosea kuitoa. Mie sikosei kuidai. Hiyo si mahari, ni zawadi ya ukoo wa Kondo kwa shemeji zao wadogo ishirini na tisa. Magodoro kumi na manne, Kondo. Taulo usisome, nitaleta mwenyewe."

Jumatano kirikuu kiliingia geti la bluu na magodoro yamefungwa kamba juu mpaka yanainama, Idrisa anasukuma kwa nyuma kwenye mchanga. Shani alilijaribu la kwanza kwa kuruka, akatangaza kwamba ni lake. Jana tumechemsha ming'oko, na maganda yake. Shani hakutaka kula tangu alipofika, na nikashtukia namuuliza, "Mdogo wangu alikuwa anakupikia nini?" Akasema mtori. Keshokutwa najaribu mtori, na usinicheke ukitoka wa rangi ya simenti.

Ndoa ni mwezi ujao. Idrisa ameshaanza kulalamika kwamba shangazi amemsaliti na kwamba yeye sasa atashtaki kwa nani. Nimemwambia kesi zote nimeshazishinda.

Limebaki jambo moja. Kwenye sinia lile kulikuwa na doti ya kanga, mkaja wa mama, asante ya kunibeba tumboni na mgongoni. Mzee Kondo aliishika akamwuliza dada yake amkabidhi nani. Bi Mwanahawa akakataa kuipokea. "Mie nimekuja leo leo," akasema. "Mpe binti, wenyewe anawajua."

Ninayo hapa mapajani ninavyoandika. Nyekundu, mpya, bado ina harufu ya dukani. Kipande kimoja ni cha mama, aliyenizaa na kunipikia. Kingine ni chako. Nilichukua mkasi nivitenganishe, nikaurudisha kwenye sanduku la vifaa. Nina hakika huko mliko mlishatafutana, na ming'oko umeshamuuliza mwenyewe inavyopikwa. Kwa hiyo doti sijaikata, Mama Mkubwa. Nyie ni ndugu, mtagawana wenyewe.

Mwambie mwanawe ameposwa.

Mtoto wa mdogo wako,
Somoe